Niliondoa Mistari Miwili Ili Bosco Aaibike

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie kisingizio kabla hajasikia yote. Kwa wiki tatu nzima sikupata usingizi kwa sababu ya swali moja: je, king'ora kile bado kinasoma joto la kweli, au kinasoma kitu kingine? Nililiuliza kitandani, nikaliuliza nikipiga mswaki, nikaliuliza kanisani wenzangu wakisimama kuimba. Na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, maana aliyekiharibu ni mimi!

Majina nimebadilisha. Langu silitaji kabisa, kwa sababu wazazi wangu kule magharibi mwa Kenya bado wanawaambia watu kwamba mtoto wao ni injinia Nairobi.

Nilipomaliza chuo kikuu nilikuja kukaa Nairobi, mtaa wa Baba Dogo, kwa dada yangu. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande mmoja dada, mumewe na mtoto wao Nekesa. Upande mwingine mimi na vitabu vyangu vya kompyuta. Shemeji yangu, Baba Nekesa, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, hatua chache tu kutoka kwetu. Kazi yake ilikuwa kusimamia matangi matatu ya kuchemshia sabuni. Mafuta na magadi makali yakichemka kupita kiasi hupanda kama uji na kufurika, na usipokuwa macho yanakumwagikia. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache alipanda ngazi, akatazama kipimajoto, akateremka. Siku nzima! Jioni alikuwa akivua gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, na kukaa kama mzee wa miaka themanini.

Alinipokea kwa moyo mweupe. Kila mgeni akija alisema, "Huyu ni shemeji yangu, amesomea kompyuta. Siku moja atanitoa kwenye ngazi ile."

Nami ni mtu wa kufikiria sana. Nikifunga mlango hurudi mara tatu kuusukuma. Mtu akinisalimia kwa sauti isiyo ya kawaida, nitakaa siku mbili nikichambua ile salamu. Nasema haya ili ujue kwamba sikufanya nilichofanya kwa pupa. Nilikifikiria mno.

Nilipata kazi katika karakana ndogo hapohapo Baba Dogo, ghorofani juu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Mwenye karakana tulimwita Mzee, zamani alikuwa fundi wa simu. Chini yake alikuwepo msimamizi wetu, ambaye hapa nitamwita Bosco. Kiwanda cha sabuni kilitaka kompyuta ya kuangalia joto la yale matangi matatu na kupiga king'ora tangi likikaribia kufurika. Unaona jinsi Mungu alivyoniweka? Kazi ya kumtoa shemeji kwenye ngazi ilinijia mikononi!

Mzee alikuwa amepata kwa rafiki yake wa ng'ambo mfumo wa kompyuta wa bure, rundo la disketi, ambao mtu yeyote aliruhusiwa kuufungua na kuandika ndani yake. Sehemu niliyoandika mimi ilikaa kwenye kiini cha mfumo huo, ndani kabisa. Programu ya juu ikikosea, inaanguka peke yake na nyingine zinaendelea. Ya kwenye kiini ikikosea, inaweza kuangusha kila kitu. Au isiangushe kitu, ikadanganya tu.

Ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa dhambi yangu. Ichukulie kumbukumbu ya kompyuta kama ploti ya vyumba vya kupanga, kama hizi tunazokaa. Kila sekunde kipimajoto kinaleta habari, na habari hiyo inapewa chumba chake. Wanaoisoma ni wawili. Kuna skrini, inayoonyesha namba. Kuna pia king'ora, ambacho hukusanya habari kumi za mwisho ndipo kiamue kulia, kisije kikapiga kelele kwa sababu ya povu moja. Kila anayeingia chumbani anajiandikisha mlangoni, na akitoka anajifuta. Chumba kikibaki bila jina mlangoni, kiini kinakitwaa na kumpa mpangaji mwingine.

Ubaya unakuja mtu asipojiandikisha lakini akabaki na ufunguo. Anarudi, anafungua akidhani ni chumba kilekile, kumbe ndani kuna mali ya mtu mwingine. Na kompyuta haimwambii neno! Anachukua alichokikuta na kuondoka nacho.

Nilifanya kazi hiyo miezi mitano. Kila mahali mtu aliposhika chumba, nilihakikisha ameandikishwa. Kila mahali alipoachia, nilihakikisha amefutwa, hata pale kosa likitokea katikati na programu ikalazimika kukimbia kwa mlango wa nyuma. Nilichora vishale kwenye karatasi hadi macho yakauma. Bosco hakuelewa hata ukurasa mmoja. Nilipojaribu kumweleza alisema, "Wewe unafikiria sana, hadi kompyuta inachoka kukungoja."

Halafu wakaja wageni kutoka kiwandani kuona kazi imefika wapi. Bosco alikuwa amevaa tai. Akaketi kwenye kiti changu, akaweka mkono juu ya kompyuta yangu, akasema, "Hii nimeiandika mwenyewe. Imenitoa jasho, lakini nimeiweza."

Mgeni mmoja akanionyesha kidole. "Na huyu kijana?"

"Huyu? Huyu ananisaidia kuchapa. Na chai anajua kupika, msimwone hivi!" Wakacheka. Bosco akanigeukia. "Hebu tuletee vikombe, injinia wa chai!"

Nilileta. Mzee alikuwepo, alijua ukweli, akatazama dirishani.

Jina likanishika. Mafundi wa vyuma chini walikuwa wakinipigia kelele, "Niaje, injinia wa chai!" Hata Bi. Zuhura, mama wa Kipwani mwenye kibanda cha mahamri, alilisikia.

"Injinia wa chai, leo umetumwa vikombe vingapi?"

"Vitano."

"Haya, shika vizuri usimwage, mwanangu. Hiyo nayo ni digrii."

Yeye alikuwa akitania. Mimi nilienda nalo nyumbani, nikalitafuna. Niliwaza Bosco akiwa amepiga magoti, Bosco akilia, Bosco akisema mbele ya watu wote kwamba hajaandika hata mstari mmoja. Maneno hayo ndiyo niliyoyataka. Nilitaka ayatamke kwa mdomo wake!

Sasa sikia. Karakana yetu ilikuwa na kompyuta moja tu ya kazi hiyo, kwa hiyo tulikuwa na desturi. Kila badiliko lilichapishwa kwenye ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, likatundikwa kwenye msumari ukutani, na msimamizi akalisoma na kutia sahihi kwa kalamu nyekundu kabla halijaingia kwenye disketi ya mteja. Bosco hakuwahi kusoma. Alitia sahihi huku akizungumza kwenye simu.

Siku ya majaribio ilipokaribia, niliondoa mistari miwili. Mmoja ni ule wa king'ora kujiandikisha mlangoni, mwingine ni ule wa kujifuta. Nikachapisha, nikatundika. Bosco akatia sahihi, herufi zake mbili nyekundu, akaniambia, "Chai haina sukari leo."

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Nilipojaribu nikiwa peke yangu, huku printa ikichapa, kompyuta ilikwama mara mbili, hata kibodi ikafa. Basi nikasema itakwama hivyohivyo mbele ya wageni. Bosco ataulizwa kuna nini, ataduwaa, nami nitasimama, nirudishe mistari yangu miwili, kazi iende. Aibu yake, sifa yangu, na hakuna aliyeumia. Nilifikiria kila kitu! Kila kitu isipokuwa tabia ya chumba kilichoachwa.

Chumba kikiachwa, mali ya zamani hubaki mlemle hadi mpangaji mpya aingie. Siku ya majaribio hapakuwa na printa, tulikuwa na kipimajoto kimoja tu, ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la umeme. Vyumba vilikuwa tele na hapakuwa na wa kuvigombania. King'ora kilirudi kwenye vyumba visivyo vyake, kikakuta habari zake zimelala palepale. Maji yakachemka. King'ora kikalia hadi mafundi wa chini wakapanda kuuliza kuna nini!

Wageni wakapiga makofi. Walimshika Bosco mkono. Kesho yake kompyuta ikapelekwa kiwandani, na mistari yangu miwili haimo.

Ee ndugu yangu! Kiwandani kulikuwa na matangi matatu, na printa inayochapa siku nzima. Vyumba kule haviachwi hata sekunde kabla ya kupangishwa tena.

Nilimwendea Bosco siku iyo hiyo. Nikamwambia, "Naomba niangalie tena ile sehemu ya king'ora."

"Uangalie nini? Si umekisikia kikilia?"

"Kuna kitu sina hakika nacho."

"Wewe huna hakika na chochote, hata jina lako. Unataka kuniharibia kazi kwa sababu ya wivu. Nenda zako."

Unajua nilihisi nini? Nafuu! Nikajiambia nimemwonya, amekataa, lolote litakalotokea ni juu yake. Ningeweza kumwambia nimeondoa nini. Ningeweza kwenda kwa Mzee. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kumwokoa Bosco, na nilikuwa radhi nife kuliko kumwokoa Bosco. Bado nilikuwa nangoja ile kompyuta ikwame mchana mmoja, wampigie simu, ashindwe.

Nyumbani, shemeji alikuwa mtu mpya. Alikula akicheka. Nikamuuliza, "Shemeji, bado unapanda ngazi kutazama kipimajoto?"

"Nipande kwa nini, na nyinyi wasomi mmeshanitoa? Meneja amesema ngazi iondolewe kabisa, inaziba njia. Sasa nasimama chini, nasikiliza king'ora. Magoti yangu yanakuombea, shemeji!"

"Lakini panda tu, hata mara moja moja."

Dada akaingilia. "Mwache apumzike. Wewe ukiona mtu amefurahi lazima umtafutie wasiwasi."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, nyuma ya meno. Nikaufunga, nikaomba mboga.

Kila jioni nilimuuliza, "Leo kimelia?" Siku ambayo king'ora kililia nilimshukuru Mungu. Siku ambayo hakikulia nilijiambia labda hapakuwa na haja ya kulia. Hivyo ndivyo wiki tatu zilivyopita.

Asubuhi moja mwanamke anayepakia sabuni kiwandani alipanda ngazi za karakana akihema. "Nani hapa ni ndugu ya Mama Nekesa? Kuja haraka! Baba Nekesa amemwagikiwa!"

Nilikimbia. Nilipofika walikuwa wamemlaza nje kwenye saruji, wanammwagia maji. Tangi la kwanza lilikuwa limefurika. Tangi la tatu lilikuwa limezimwa moto tangu alfajiri, limepoa, na habari zake za ubaridi ndizo zilizokuwa zimepangishwa kwenye vyumba ambavyo king'ora kilishika funguo zake. Kilikwenda kuuliza joto la tangi la kwanza, kikajibiwa na la tatu. Kikanyamaza. Hakikufanya kosa lolote. Kilifanya kama nilivyokiandika.

Sabuni ya moto ilikuwa imeingia ndani ya gambuti. Gambuti, badala ya kumkinga, ziliishika sabuni ikabaki pale na miguu yake. Walipozivua, soksi zilitoka na ngozi. Sitaeleza zaidi. Alikuwa ananitazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, sikukisikia. Labda masikio yangu."

Masikio yake! Alikuwa anajilaumu masikio!

Hospitalini walisema atapona, lakini kutembea ni jambo la kungoja na kuona.

Kesho yake meneja wa kiwanda alikuja karakanani akiwa moto. Mzee aliteremsha zile karatasi ukutani, akazisoma mwenyewe, maana zamani alijua kusoma kazi ya watu. Akapata mahali mistari miwili ilipokosekana, na kando yake sahihi nyekundu ya Bosco.

Bosco aligeuka rangi. Akasema kwa sauti iliyokatika, "Mzee, wallahi si mimi. Mimi sikuandika hata mstari mmoja! Niulize chochote hapo, sijui!"

Yale maneno. Yaleyale niliyoyaota miezi yote ile, mbele ya watu, kwa mdomo wake!

Mzee akamjibu, "Uliwaambia wateja ni yako, na sahihi hii ni yako. Ukachukua sifa, sasa chukua na hii." Akamfukuza kazi palepale.

Nikuambie ukweli mchungu. Nilifurahi. Shemeji yangu amelala hospitalini bila ngozi miguuni, nami nilisimama pale nikamwangalia Bosco akikusanya kalamu zake, na ndani yangu kulikuwa na utamu. Alipopita karibu yangu hakunitazama. Nilitaka anitazame! Jioni ile Mzee alinipa meza ya Bosco, akaniomba niandike upya ile programu. Nikasema sawa, Mzee.

Nilirudisha mistari yangu miwili kwa dakika moja. Dakika moja tu! Halafu nikakaa na kuangalia ile skrini mpaka karakana ikafungwa.

Shemeji alirudishwa nyumbani miguu ikiwa imefungwa bandeji nyeupe hadi magotini. Jumapili moja, baada ya ibada, wenzake watatu wa kiwandani walikuja kumwona na ndizi na mkate. Dada akapika chai. Pazia lilikuwa limefunguliwa ili watu watoshe, wengine wakakaa kitandani kwangu.

Mrefu wao, wanayemwita Soja, akasema, "Baba Nekesa, yule msee wa kompyuta, Bosco, tumeshajua anakokaa. Mtaa wa Fedha, nyumba ya kona. Tukitoka hapa tunaenda kumsalimia."

"Salamu gani?" dada akauliza.

"Salamu ya miguu, Mama Nekesa. Yeye pia ajue kutembea kwa magoti."

Wenzake wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mmoja alikuwa amekuja na kipande cha bomba, kimefungwa kwenye gazeti, kimelala kando ya mkate. Nilikuwa nimedhani ni zawadi.

Shemeji hakucheka, lakini hakukataa. Akasema, "Msimuue. Nataka tu ajue." Halafu akanigeukia. "Wewe ulikuwa unafanya naye kazi chumba kimoja, shemeji. Hukuona kitu? Hata kidogo?"

Moyo wangu uliniambia ninyamaze. Sitadanganya, ulisema hivyo wazi: nyamaza, utapata na hii pia. Hukuwaomba waende. Hutanyanyua mkono. Bosco alikuita injinia wa chai mbele ya watu, na leo atatambaa, na wewe utakuwa umeketi hapa unakunywa chai.

Nawe unayesoma, ambaye una mtu wako unayemngojea aanguke, nisikilize. Usimtegee mtego ndani ya kazi. Ukiutega, hutachagua nani atapita hapo kwanza wala lini. Nilidhani nimemtegea Bosco, na aliyepita ni mtu aliyenipa kitanda. Na kama umeshatega, nenda ukauondoe leo, hata kama kuuondoa kutamfaa adui yako. Hasa kama kutamfaa adui yako, maana hapo ndipo utakuta unajitafutia sababu za kungoja. Mimi nilizipata kila siku kwa wiki tatu. Leo sina kazi, na Mzee ameapa sitagusa kompyuta tena Baba Dogo nzima. Shemeji anatembea kwa fimbo, na dada yangu akiniona njiani huvuka upande wa pili. Na Bosco bado simpendi! Sijageuka malaika. Nimejua tu kwamba chuki yangu haikuwa na haki ya kupita miguuni kwa mtu mwingine.

Soja alikuwa ameshasimama, anachukua lile bomba. Nami nikasimama. Nikashika mti wa kitanda.

"Msiende Fedha," nikasema. "Bosco hakufanya. Niliondoa mimi, kwa mkono wangu, nikijua, ili yeye aaibike. Kuna mistari miwili inayofanya king'ora kishike habari zake. Niliiondoa. Halafu kila jioni nikawa namuuliza Baba Nekesa kama kimelia."

Soja alinitazama mimi, akatazama ile miguu, akanitazama tena. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Dada aliweka birika chini polepole.

"Rudia," dada akasema.

Nikarudia.